Picha zinatoka na giza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mwanga kwenye kamera, kwa wapiga picha wa Arusha na Moshi

Haya ndo maswali ambayo watu wanaoanza kazi ya picha huku kwetu wanauliza kila siku, wengi wanapiga harusi, send-ofu, kipaimara na mahafali, na wengine wanapeleka wageni porini na kamera shingoni. Majibu yanahusu zaidi Canon na Nikon za bei ya chini na ya kati maana ndo zimejaa mtaani, na Sony kidogo, ila hesabu ya mwanga ni ileile kwa kamera yoyote. Kama una kazi leo jioni na huna muda, soma swali la kwanza, la maharusi na la fleshi, mengine utarudi baadae.

Picha zote zinatoka na giza hata nikiwa nje kwenye jua kali. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ile mizani yenye alama ya kujumlisha na kutoa, iko kwenye skrini na ndani ya kioo cha kuchungulia. Kama kile kialama hakijakaa kwenye 0, kimesogea −1 au −2, ugonjwa umeshaupata hapohapo. Hii inatokea sana kamera ikiazimwa, au kitufe kikibonyezwa bila kujua wakati unaichomoa kwenye begi, na kamera nyingi hazikirudishi zenyewe hata ukizima ukawasha, kwa hiyo mtu anaweza kupiga wiki nzima giza na asijue kwanini. Kwenye Canon ndogo shikilia kitufe cha Av chenye +/− huku unazungusha gurudumu, kwenye Nikon za D3000 na D5000 shikilia kitufe cha +/− kilichopo karibu na cha kupigia.

Ikiwa 0 na bado giza, angalia gurudumu la modi. Ukiwa kwenye M (modi ya kuseti kila kitu mwenyewe) kamera haikusaidii chochote, inakuonyesha tu kwenye mizani kwamba mwanga haujatosha na inakuacha upige. Alafu angalia ISO (namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga) isije ikawa imegandishwa 100 tangu jana mchana, alafu angalia mbele ya lenzi: filta ya polaraiza peke yake inakula stopu moja mpaka mbili, na wengi wanaiacha humo mpaka ukumbini usiku. Mwisho angalia modi ya kupima mwanga, kama iko kwenye spoti (inayopima kaduara kadogo tu) na hujui imefikaje huko, irudishe ya kawaida.

(Stopu moja maana yake mwanga umeongezeka mara mbili au umepungua nusu. Nitalitumia hilo neno sana.)

Kwani kamera inapimaje mwanga? Mbona ni ya hela nyingi na bado inakosea?

Kipima mwanga cha kamera kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, hakipimi mwanga unaokiangukia. Sasa kitu cheupe kinarudisha mwanga mwingi na cheusi kinarudisha kidogo, na kamera haijui kama mbele yake kuna bibi harusi au gunia la mkaa, kwa hiyo watengenezaji walikubaliana iwe na dhana moja tu: kila kilichopo kwenye fremu, ukikichanganya chote, ni kijivu cha kati, kile kinachoitwa cha asilimia 18. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu kilichobaki hapa chini.

Jaribu nyumbani leo. Weka kamera kwenye Av (kwa Nikon na Sony ni A), modi ambayo unachagua apacha, yani tundu la lenzi lenye namba za f, na kamera inachagua shata, yani muda wa mwanga kuingia. Tandaza shuka jeupe, sogea mpaka lijaze fremu yote, piga. Alafu chukua koti jeusi ufanye vilevile. Utapata picha mbili za kijivu zinazofanana, shuka limekuwa chafu na koti limepauka. Kamera haijaharibika, imefanya ilichotengenezwa kufanya. Kwa hiyo kinyume na watu wengi wanavyodhani, kikiwepo kitu cheupe kingi ndo unatakiwa kuongeza mwanga, na kikiwepo cheusi kingi unapunguza.

Zile modi za kupima mwanga ni zipi na nitumie ipi?

Ya kwanza inapima fremu nzima kwa vipande na kukisia, Canon wanaiita Evaluative, Nikon Matrix, Sony Multi. Hii ndo ya kukaa nayo siku nyingi. Ya pili inapima fremu nzima ila inaupa uzito mkubwa ule mwanga wa katikati. Ya tatu ni spoti, inapima kaduara kadogo sana na kusahau mengine yote. Canon ndogo kama 1300D, 2000D na 4000D hazina spoti, zina ya Partial inayopima kama asilimia 10 ya katikati, inatosha tu.

Kuna tofauti moja inasumbua watu wanaohama kamera. Kwenye Nikon kaduara ka spoti kanafuata nukta ya fokasi uliyoichagua, ila kwenye Canon nyingi kanabaki katikati hata kama nukta yako ya fokasi iko pembeni kwenye jicho la mtu. Unaona fokasi imekamata uso vizuri, kumbe mwanga umepimwa kwenye dirisha la nyuma yake, na picha inatoka giza tupu.

Kwenye harusi gauni linatoka vizuri ila sura za maharusi ni giza, macho hayaonekani. Nifanyeje?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ndo linaloniuma zaidi, kwasababu familia inalipa ili ione sura za watu wao, sio gauni. Ngozi zetu nyingi ni nyeusi au kahawia iliyokolea, na kamera inapoona gauni jeupe, mapambo meupe, turubai jeupe na anga nyuma, inajumlisha vyote inasema "mwanga umezidi hapa" alafu inapunguza, na wa kwanza kuumia ni uso. Picha ikishatoka hivyo utasikia mtu anasema bwana harusi ni mweusi sana ndo maana hajatoka. Sio kweli, na usikubali kumwambia mteja neno hilo. Uso wowote unatoka vizuri ukipimiwa mwanga wake.

Njia ya haraka: kaa kwenye Av, kupima kwa fremu nzima, ongeza +1, piga moja, kuza uso kwenye skrini uangalie kama unaona ngozi chini ya macho na mstari wa taya. Nyuma kukiwa na anga jeupe au dirisha utafika +1⅔ au +2. Ukiona gauni linaanza kuungua mpaka nakshi zinapotea rudi kidogo, na bora zaidi uwasogeze watu kuliko kuhangaika na namba, watoe chini ya jua la saa sita maana sisi tupo kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini na kila tundu la jicho linakuwa shimo jeusi. Waweke kwenye kivuli cha mti au cha ukuta, wageukie upande ulio wazi wenye mwanga, na nyuma yao pasiwe na uwanja unaowaka jua.

Njia ya uhakika, na hii naipenda kuliko zote: tumia kiganja chako. Viganja vya watu vinakaribiana mwanga hata rangi ya ngozi ikitofautiana, na kiganja kinarudisha mwanga kama stopu moja zaidi ya kile kijivu cha kati. Weka kamera kwenye M, modi ya spoti au Partial, nyoosha mkono wako mahali penye mwanga uleule unaowapiga maharusi, kiganja kielekee kamera, kijaze kaduara, alafu seti shata na apacha mpaka mizani isome +1. Huna haja ya fokasi, hata kiganja kikiwa ukungu ni sawa. Hapo umemaliza, piga bwana harusi mwenye suti nyeusi, piga bibi harusi mwenye gauni, piga bibi yake mwenye kitenge, usiguse kitu mpaka mwanga wenyewe ubadilike, wingu likipita au mkihama sehemu unapima tena. Sura zitafanana picha zote, na ukikaa kuediti utamshukuru Mungu.

Niliambiwa niweke spoti kwenye uso, sasa sura zinapauka na gauni linaungua kabisa. Imekuwaje?

Ni kijivu kilekile. Ukiweka spoti kwenye uso mweusi na mizani ikasoma 0, umeiambia kamera iufanye uso huo uwe kijivu cha kati, yani mweupe kuliko ulivyo. Kwa ngozi iliyokolea pima usoni ila acha mizani isome kati ya −⅔ na −1, maji ya kunde inakaa karibu na 0 au chini kidogo, ngozi nyeupe sana kama ya wageni inaenda mpaka +1. Kama kwenye picha moja kuna watu wa rangi tofauti achana na sura, rudi kwenye kiganja.

Ukumbini nina fleshi kabisa ila watu wa mbali wote ni giza na nyuma ni kama usiku wa manane.

Fleshi ya juu ya kamera ni ndogo. Ina namba ya nguvu, nyingi ziko kati ya 7 na 12 kwa ISO 100, na ukiigawanya hiyo namba kwa apacha unapata mita inazofika. Namba 12 ukiwa f/4 ni mita 3, basi. Ukipandisha ISO 400 unafika mita 6. Mtu akiwa mbali mara mbili mwanga unaomfikia ni robo, sio nusu, ndo maana mstari wa mbele wa wanakamati unawaka na wa nyuma hauonekani.

Nyuma kuwa giza ni jambo lingine. Fleshi inaangazia watu, ukumbi unaangaziwa na shata na ISO. Ukipiga 1/200 na ISO 200 ukumbi wote unakufa hata mapambo yamelipiwa milioni ngapi. Shusha shata mpaka 1/60, panda ISO 1600, utaona taa na vitambaa vinarudi, na watu hawatatikisika sana maana mwanga wa fleshi unawagandisha.

Ukielekeza fleshi juu angalia dari lilivyo. Turubai jeupe la chini linarudisha mwanga mzuri sana, dari refu la ukumbi au kitambaa cha zambarau kinameza karibu wote na kilichobaki kinarudi na rangi yake usoni kwa watu.

Kama fleshi yako ni Yongnuo YN560, na mtaani zipo nyingi, haina TTL (kamera kuipimia fleshi nguvu yenyewe), nguvu unaiweka mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo usisubiri kamera ikurekebishie. Ukiona mstari mweusi umekata picha upande mmoja, shata yako imezidi spidi ya fleshi, kamera nyingi za kawaida mwisho ni 1/200. Kivuli cha nusu duara chini ya picha ni kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, inaziba fleshi ya kamera, itoe. Na ile +/− ya fleshi ni tofauti na +/− ya kamera, zote mbili ziangalie.

Picha moja iko poa, inayofuata giza, ya tatu rangi ya njano, na sijagusa kitu. Kamera imepagawa?

Kama ni ndani kwenye taa za tyubu au LED za bei rahisi, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila shata ya 1/500 inaona, inakamata wakati taa imefifia. Shusha mpaka 1/100 au 1/50 na tatizo linaisha au linapungua sana. Canon kuanzia 7D Mark II ya 2014 walianza kuweka kitu cha kuzuia hilo, angalia kwenye menyu kama ya kwako inacho.

Kama unatumia fleshi, unapiga haraka kuliko inavyojaa. Subiri kataa kawake, na badilisha betri kabla kwaya haijaingia, sio katikati.

Napiga Mlima Kilimanjaro asubuhi kutoka Moshi, nimeweka na stendi, mbona giza?

Mara nyingi ni anga. Saa kumi na mbili na kitu asubuhi mlima uko wazi, mawingu hayajapanda, theluji ya Kibo na anga vinang'aa na kamera inapunguza, migomba na nyumba za chini zinakuwa nyeusi. Ongeza +⅔ mpaka +1. Ukishapanda juu kabisa kwenye mita 5,895 na miguuni una theluji, ni +1 mpaka +2. Ukitaka mlima na migomba vyote vionekane pimia mlima, piga RAW (faili ghafi la kamera), migomba uinyanyue baadae, au piga mbili uziunganishe.

Ila kuna sababu nyingine ambayo wachache wanaijua. Kamera yenye kioo cha kuchungulia cha kizamani, yani DSLR, ikiwa kwenye stendi na jicho lako haliko pale, jua likiwa nyuma yako linaingia kupitia kile kidirisha mpaka kwenye kipima mwanga, kamera inadhani kuna mwanga mwingi na inapunguza. Ziba kwa kidole, kwa kofia, kwa chochote, uone mizani inavyoruka. Mikanda mingi ya Canon ina kipande cha mpira kimening'inia pale, watu wanadhani ni pambo, kazi yake ni kuziba hapo.

Porini je? Mgeni wangu kwenye gari anapata nyati wasio na macho na ndege weusi.

Ndege akiwa angani ongeza +1 mpaka +2, anga ndo linaidanganya kamera. Nyati akijaza fremu kamera itampausha, punguza −⅔, ila nyati mdogo katikati ya majani makavu yanayong'aa ni kinyume, ongeza kidogo. Tembo ni wa kijivu mwenyewe, acha 0. Mbega wa Arusha National Park ni mtihani, mweusi na mweupe kwa wakati mmoja ndani ya msitu wenye giza, pima kwa fremu nzima na ulinde manyoya meupe yasiungue.

Giza la porini linaletwa zaidi na shata. Mtu anaseti Tv (Nikon na Sony ni S, unachagua shata na kamera inachagua apacha) 1/2000 sababu anataka kugandisha mnyama, lenzi yake mwisho f/5.6, ISO 100, alafu gari linaingia msitu wa Ngurdoto. Apacha imefika mwisho, kamera haina pa kutoa mwanga. Canon inapepesa namba ya apacha, Nikon inaandika Lo, na mtu mwenyewe anaendelea kupiga. Weka ISO oto na umpandishie kikomo mpaka 3200 au 6400, tatizo limeisha.

Kwenye skrini ya kamera ilikuwa safi, nyumbani kwenye kompyuta giza, na nikiprinti giza zaidi.

Skrini usiku inang'aa kama taa na kila picha inaonekana nzuri. Amini histogramu. Ni mlima wa mistari, kushoto giza, kulia mwanga, ukiona wote umejibana kushoto na kulia hakuna kitu, picha ni giza hata kama macho yanakataa. Washa pia alama ya kupepesa sehemu zilizoungua.

Kuprinti: kompyuta nyingi mwanga uko juu mno, unaediti picha ikiwa giza bila kuona. Punguza mwanga wa skrini, printi moja ya majaribio kabla ya albamu nzima.

Naogopa kupandisha ISO, chenga (vidoti vidoti kwenye picha) zinakuja. Si bora nipige giza ninyanyue kwenye kompyuta?

Hapana, na hili watu wanabishana sana bila sababu. Picha ya ISO 1600 yenye mwanga wa kutosha karibu siku zote ni safi kuliko ya ISO 400 iliyonyanyuliwa stopu mbili, hasa Canon za zamani ambazo ukinyanyua vivuli unapata na mistari. Kama ni JPEG (picha ambayo kamera imeshaibana) ndo kabisa, ina biti 8 tu wakati RAW ina 12 au 14, uso uliokuwa giza ukiunyanyua unakuja na mabaka. Chenga kidogo mteja haoni, giza analiona.

Na kama kila siku unafika ISO 6400 tatizo ni lenzi. Ile ya 18-55 uliyokuja nayo inaanza f/3.5 ila ukivuta mpaka 55 inafunga yenyewe mpaka f/5.6, umepoteza zaidi ya stopu moja kwa kuvuta tu. 50mm ya f/1.8 inakupa zaidi ya stopu tatu juu ya hapo, na ndo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi.

Nitajuaje kama ni kamera imeharibika kweli?

Toka nje saa sita mchana jua likiwa kali na hakuna wingu. Weka M, ISO 100, f/16, shata 1/100 au 1/125, piga majani mabichi yaliyopigwa na jua. Picha inatakiwa itoke vizuri, hiyo ni kanuni ya tangu enzi za filamu. Ikitoka vizuri kwenye M lakini Av kwenye 0 inatoa giza palepale, kipima mwanga ndo kina shida. Ikitoka giza hata kwenye M, ni lenzi au shata.

Kutenganisha hizo mbili piga ukuta mmoja mara tatu: f/4 kwa 1/500, f/8 kwa 1/125, f/11 kwa 1/60. Zote zinatakiwa kulingana. Zikipishana mwanga, mapanga ya apacha yanakwama, mara nyingi ni mafuta au vumbi, na vumbi la huku kiangazi unalijua. Zikilingana ila ukipiga 1/2000 au 1/4000 kipande cha picha kinakuwa cheusi, ni shata imechoka.

Kabla ya kwenda kwa fundi chomoa lenzi ufute vile vidoti vya shaba nyuma yake kwa kitambaa kikavu laini, na vya kwenye kamera pia. Canon ikikuandikia Err 01 inakuambia haielewani na lenzi, na kufuta tu mara nyingi kunamaliza. Lenzi yenyewe usiifungue nyumbani, na ukiipeleka kwa fundi nenda na hizo picha za ukutani kwenye kadi, atajua pa kuanzia.